Mhuri wa Mama Mkuu

Shule yetu ilikuwa ikifungwa saa saba mchana. Wenzangu walikimbilia uwanjani kucheza, na mimi nilielekea Ofisi ya Mkoa, kwa sababu mama yangu alikuwa mpiga chapa huko na ufunguo wa nyumba ulikaa mkobani mwake. Nilipita mlango wa nyuma, nikamwamkia tarishi aliyekuwa akitia upepo gurudumu la baiskeli yake, nikavua viatu vyenye matope, nikaingia chumbani kwa mama. Hapo nilikula chakula changu kilichofunikwa kwa sahani, nikafanya hesabu alizotupa mwalimu, kisha nikangoja mama afunike mashine yake turudi nyumbani.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo. Mashine ya taipu ilikaa dirishani, na pembeni ilisimama mashine ya kudurufu. Mama alichapa maneno kwenye karatasi laini ya nta iliyoitwa stensili, akaifunga kwenye mashine ile, akazungusha mkono wake wa chuma, na nakala zikatoka upande wa pili moja baada ya nyingine zikinuka wino. Mezani palibaki nafasi ya bunda moja tu la karatasi.

Miaka ile karatasi zilikuwa adimu, kwa hiyo hata zilizoharibika hazikutupwa. Upande wa nyuma ulitumika kuandikia rasimu za barua. Mama alikuwa na utaratibu aliofundishwa na mpiga chapa aliyemtangulia: nakala nzuri zililazwa zimenyooka, na mbovu zikawekwa juu yake zikiwa zimekingama, kama mtu aliyelala upana wa kitanda. Kila mtu pale ofisini alijua alama hiyo. Karatasi iliyokingama haitoki nje.

Na mimi nilikuwa na ugonjwa wangu. Sikuweza kuona kitu kimepinda nikakiacha. Viatu mlangoni, vijiko kabatini, mkeka, hata kola ya mwalimu, nilitamani kuvinyoosha vyote. Nyumbani waliniita Nyoosha, na jina likanifuata hadi ofisini.

Miezi mitatu kabla ya mambo ninayotaka kuwasimulia, mkoa wetu ulikuwa umepata Mkuu mpya, na Mkuu huyo alikuwa mwanamke. Redio ilipotangaza asubuhi ile, mama alisahau uji jikoni ukafurika. Mikoa yote ya nchi ilikuwa chini ya wanaume. Ukutani pale ofisini zilitundikwa picha tisa za Wakuu waliotangulia, na wote tisa walikuwa na masharubu. Mlangoni paliandikwa BWANA MKUU WA MKOA. Fundi rangi aliitwa akalikwangua neno la kwanza, lakini mahali lilipokuwa pakabaki peupe, na kila aliyepita aliliona pengo lile kwanza kabla ya maneno yenyewe.

Mjini watu walisema. Wewe acha tu, watu hawakosi la kusema.

“Mpeni mwaka mmoja,” alisema kinyozi.

“Mwaka mzima?” mteja wake alimjibu. “Mvua moja tu, utaona mwenyewe.”

Karani mkuu wa ofisi hakusema neno. Alikuwa amewatumikia Wakuu wanne, na kila Mama Mkuu alipotoa agizo yeye aliguna. Guno lake lilikuwa refu kuliko hotuba, nasi tulilielewa vizuri.

Mimi nilimpenda Mama Mkuu kupita kiasi. Siku moja alinikuta ukumbini nikinyoosha picha ya Mkuu wa nne. “Wewe ndiye Nyoosha?” aliniuliza. Nikaitikia kwa sauti isiyosikika. “Haya, nyoosha na mgongo wako,” akasema, akaenda zake. Tangu hapo nilitembea nimejikaza mpaka bibi yangu akaniuliza kama nimemeza mwiko.

Basi mvua zikazidi mwaka ule, na ugonjwa wa kuhara ukaingia mjini. Watu wawili walifariki hospitalini kwa wiki moja. Mji wetu ulikuwa na visima viwili vikubwa, kimoja mlimani karibu na shule, kingine bondeni karibu na machinjio. Daktari wa mkoa alipima maji ya vyote viwili, akakuta uchafu wa machinjio umesombwa na mvua hadi ndani ya kisima cha bondeni. Siku hiyohiyo Mama Mkuu aliagiza tangazo liandikwe: kisima cha bondeni kimefungwa, watu wote wachote maji kisima cha mlimani.

Nilikuwepo lilipochapwa. Karani mkuu alilisoma harakaharaka, huku akiangalia saa, na mama akachapa kama alivyosikia. Mama Mkuu alikuwa na desturi ya kusoma nakala ya kwanza ya kila kilichotoka kwa jina lake. Mama alitaka kungoja, lakini karani mkuu alimwambia, “Wewe endelea kuzungusha. Yeye atasoma tu, kwani atabadilisha nini?” Mama akaendelea. Zilipofika kama nakala hamsini, mlango ulifunguliwa na Mama Mkuu akaingia mwenyewe, karatasi mkononi.

“Simamisha mashine,” alisema. “Hapa tumewaambia watu wakanywe sumu.”

Mama aliposoma tena, mkono ulimwenda kinywani. Tangazo lilisema kisima cha mlimani kimefungwa na watu wote wachote maji bondeni. Karani mkuu alikuwa amevipindua visima. Safari hii hakuguna.

Mama alichapa stensili mpya, Mama Mkuu akaisoma mara mbili, nakala nzuri zikatoka zikalazwa zimenyooka. Zile hamsini mbovu mama aliziweka juu yake, zimekingama. Alikuwa bado anafuta wino vidoleni alipoitwa aende ofisi ya Mkuu na daftari lake, kuna ripoti ya kuandikwa kwa wizara.

“Nyoosha,” aliniambia akiwa mlangoni, “usiguse kitu mezani. Umenisikia?”

“Nimekusikia, mama.”

Nilimsikia kweli. Nilikaa juu ya mikono yangu. Nikatazama dari, nikatazama dirisha, nikahesabu vitufe vya mashine ya taipu. Lakini macho yalinirudia palepale kwenye lile bunda lililotokeza ncha huku na huku. Nikawaza, Mama Mkuu ameingia humu leo, huenda akaingia tena, je, akikuta meza ya mama iko shaghalabaghala? Nikainuka. Nikazigeuza karatasi za juu, nikaziweka sawa na za chini, nikazigongagonga kingo mpaka bunda lote likawa moja, limenyooka vizuri. Nikafurahi. Naapa nilifurahi.

Karani mkuu aliingia mbiombio. Alitazama bunda, akaona hakuna kilichokingama. “Ziko tayari,” alijiambia, hakuniuliza mimi. Akatoa mhuri mfukoni akaanza kugonga, pu, pu, pu, bila kusoma hata moja. Kisha akamwita tarishi. “Zilizo juu peleka bondeni kwanza, huko ndiko kwenye hatari. Zilizobaki utabandika mitaa mingine.”

Baiskeli ilipotoka langoni ndipo akili yangu ilipoamka. Nilitaka kupiga kelele nikashindwa, na nilipokuwa bado nimeduwaa pale, mama akarudi.

“Zile mbovu ziko wapi?” aliuliza.

“Nimeziweka kabatini.”

Ulimi ulinitangulia. Sikujua kama nina uongo ulio tayari kiasi hicho. Mama alikuwa na ripoti mkononi na kikao kinamsubiri, hakufungua kabati. Alisema tu, “Nilikwambia usiguse. Haya, mimi nitachelewa leo. Nenda kwa bibi yako bondeni, umwambie asithubutu kuchota maji ya kisima chao. Hajui kusoma yule, tangazo halitamsaidia.”

Nilishuka mtaa wa bondeni nikijidanganya njia nzima. Labda sikuchanganya. Labda tarishi amesoma, amegundua. Labda zile mbovu zilikuwa chini, si juu. Nilipofika kwenye kinu cha kusaga unga nikaliona tangazo la kwanza ukutani, gundi bado inachuruzika. Nililisoma nikishika maneno kwa kidole. KISIMA CHA MLIMANI KIMEFUNGWA. WATU WOTE WACHOTE MAJI KISIMA CHA BONDENI. Na chini yake, mwekundu, mhuri wa Mkuu wa Mkoa.

Nikashika ncha ya karatasi nikaivuta.

“We mtoto!” mwenye kinu alifoka kutoka ndani. “Hilo tangazo la serikali! Unataka kufungwa?”

Nikakimbia. Tangazo lingine lilikuwa kwenye mlango wa fundi cherehani, lingine kwenye nguzo ya taa. Na wanawake walikuwa wakinipita na ndoo, wakishuka kisimani, hata wale ambao kila siku walikuwa wakipanda mlimani kwa kuwa huko maji ni matamu. Mmoja alimwambia mwenzake, “Afadhali tumeambiwa mapema. Mkuu wa zamani angetuachia tufe ndipo alete tangazo.” Nilitaka kumwambia arudi, lakini angeniuliza nimejuaje, nami ningemjibu nini?

Bibi yangu alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, amezungukwa na ndoo tatu zilizojaa pomoni. Mjukuu wa jirani, mtoto wa miaka miwili tuliyemwita Kibonge, alikuwa amekaa miguuni pake na kikombe cha bati kikiwa tupu. Bibi alikuwa na kata mkononi.

“Karibu, mke mwenza,” alinitania kama kawaida yake. “Umekuja wakati mzuri. Fundi cherehani ametusomea barua ya Mama Mkuu, tumechota sote. Maji ya kwetu ndiyo safi, kumbe! Na mimi nimesema, mwanamke mwenzangu akiniandikia, namwamini.”

Akainua kata mdomoni.

Nililia “Bibi, usinywe!” nikajitupa kwake. Kata iliruka, ndoo moja ikapinduka, maji yakamwagika mpaka chini ya kigoda. Kibonge akaanza kulia. Bibi alinishika mkono akinikazia macho.

“Una nini? Sema.”

Nikamwambia. Karatasi zilizokingama, mimi kuzinyoosha, mhuri, na uongo wa kabatini. Nilisema nikilia, maneno yakikatika, na bibi hakunikatiza. Nilipomaliza alikitazama kikombe cha Kibonge.

“Huyu amekunywa,” alisema polepole. “Vikombe viwili.”

Bibi alimchukua Kibonge akamkabidhi kwa mama yake juu ya ukuta wa ua, akamwambia ampeleke hospitali sasa hivi, asingoje mtoto augue. Kisha akatafuta fimbo yake.

“Mimi nimeacha kunywa,” alisema. “Na wengine je? Mimi nikiwaambia watu barua ya serikali ni ya uongo, nani atanisikiliza, kibibi nisiyejua hata a? Rudi kwa mwenye mhuri. Huo ndio utasikika.”

“Bibi, naogopa. Mama atafukuzwa kazi. Na Mama Mkuu watamcheka.”

“Ogopa, lakini huku unakimbia. Mimi nakwenda kukalia mfuniko wa kisima. Anayetaka maji itabidi anibebe kwanza, nami mzito.”

Kutoka bondeni hadi Ofisi ya Mkoa ni mlima mtupu. Nilikimbia nikikanyaga madimbwi, na kila nilipofikiri kupumzika niliona kile kikombe cha bati. Nilifika nikiwa sina pumzi, viatu nikavisahau miguuni, nikaingia ukumbini na matope yangu yote. Mlango wa Mkuu ulikuwa umefungwa. Mbele yake, kwenye meza yake, alikaa karani mkuu.

“Kuna kikao,” alisema bila kuinua kichwa. “Mama yako yuko ndani anaandika. Subiri nje.”

“Mzee, matangazo ya bondeni ni yale mabaya. Ni mimi niliyeyanyoosha.”

Karani aliinua kichwa. Nilimwona akigeuka rangi. Alitazama mhuri uliokuwa mezani, akaufunika kwa kiganja kana kwamba unaweza kusema. Kisha akainama karibu nami, akazungumza kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake.

“Sikiliza, mwanangu. Nenda nyumbani. Tarishi akirudi nitamtuma kesho asubuhi ayabandue, tubandike mengine juu yake. Hakuna atakayejua. Ukiingia humo ukasema, unajua nini kitafuata? Mama yako hana kazi. Na huyu Mama Mkuu unayempenda, mji mzima utasema, mwanamke amewanywesha watu sumu. Unataka hivyo?”

Nitawaambia ukweli, nilitamani kumtii. Maneno yake yalikuwa hasa yale niliyokuwa nikiyaogopa njia nzima, na sasa mtu mzima alikuwa ananipa ruhusa ya kunyamaza. Nikageuka hatua moja kuelekea nje. Lakini yeye alisema kesho asubuhi. Kesho asubuhi, na maji ya kupikia chakula cha leo yalikuwa yamekwisha kuchotwa.

Niligeuka tena nikaupiga mlango kwa viganja vyote viwili, chini ya lile pengo jeupe, nikiita, “Mama! Mama! Mama!” Hata sasa sijui nilikuwa nikimwita yupi kati yao.

Mlango ulifunguliwa. Mezani walikaa daktari wa mkoa, mkuu wa polisi na wengine wawili, wote wananitazama. Mama alikuwa pembeni na daftari lake. Aliponiona na matope yale alisimama. Mama Mkuu alibaki na kitasa mkononi.

“Nyoosha,” alisema. “Kuna nini?”

“Tangazo la bondeni linasema watu wanywe maji ya bondeni. Nilizinyoosha zile karatasi mbovu, zikagongwa mhuri, zikaenda. Nilimdanganya mama kwamba nimeziweka kabatini. Yeye hajui. Watu wanachota sasa hivi. Kibonge amekunywa vikombe viwili.”

Mama yangu aliketi. Nyuma yangu karani mkuu alianza kusema, “Mama, nilikwisha kuonya, mambo ya kuleta watoto ofisini...”

“Mhuri aligonga nani?” Mama Mkuu aliuliza.

Karani akarudi nyuma hatua moja.

Nilingoja Mama Mkuu anifokee. Badala yake aliniuliza maswali matatu, harakaharaka. Tangazo nimeliona wapi na wapi? Tarishi alitoka saa ngapi? Huyo Kibonge amepelekwa hospitali? Nilimjibu, na kila nilipojibu alimgeukia mtu mmoja. Daktari aende hospitali awe tayari. Mkuu wa polisi apeleke askari kisima cha bondeni na wengine wawafuate watu nyumba kwa nyumba, maji yamwagwe. Dereva alete gari lenye kipaza sauti.

Karani mkuu alimfuata Mama Mkuu hadi mlangoni. “Mama, nakuomba. Usiseme wewe mwenyewe. Ukisema umekosea, watasema mwanamke ameshindwa. Tuseme mtoto alichezea karatasi.”

“Mhuri una jina la kazi yangu,” alijibu, huku akivaa viatu vya mvua. “Mtoto hana mhuri.”

Alinishika mkono, tukaingia garini, mimi na mama yangu nyuma. Mama hakunitazama. Hilo liliniuma kuliko fimbo, na njia nzima nilikuwa nikiutazama mkono wake wenye wino nikiogopa kuugusa.

Kisimani tulikuta vurugu. Bibi yangu alikuwa juu ya mfuniko kweli, fimbo magotini, na watu zaidi ya thelathini wamemzunguka na ndoo wakipiga kelele. “Bibi, ondoka, tangazo limesema tuchote hapa!” Naye anawajibu, “Basi tangazo lije linibebe!” Mama Mkuu alishuka, akakichukua kipaza sauti, na nikaona kidole chake kinatetemeka kwenye kitufe. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba na yeye anaogopa.

“Mimi ndiye Mkuu wa Mkoa,” alisema, na sauti yake ikaenda mpaka machinjioni. “Tangazo lenye mhuri wangu lililobandikwa mtaani kwenu leo lina kosa. Kosa ni la ofisi yangu, na kwa hiyo ni langu. Maji ya kisima hiki yana ugonjwa. Mwageni yote mliyochota. Aliyekunywa aende hospitali sasa, hata kama haumwi. Maji safi yako mlimani, na magari yataanza kuwaletea kabla jua halijazama. Naombeni radhi.”

Kisha mwanamume mmoja aliyesimama nyuma akasema kwa sauti, “Si tulisema? Si tulisema mwanamke hawezi?”

Bibi alimwelekezea fimbo. “Wewe! Umetawaliwa na tisa kabla ya huyu. Barabara yetu imesombwa na mvua mara ngapi? Ni yupi kati yao aliyekuja hapa na viatu vya matope akasema nimekosea?”

Mwanamke aliyekuwa kando ya yule mwanamume akaimwaga ndoo yake, karibu sana na viatu vya yule bwana, na wengine wakafuata. Tulizunguka mitaa yote mpaka kipaza sauti kikaanza kukoroma, na kila penye tangazo bovu mimi nilishuka nikalibandua kwa mikono yangu.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote. Watu kumi na mmoja waliugua, na Kibonge ndiye aliyezidiwa. Nilikuwa nakwenda hospitali kila nitokapo shule, nakaa kwenye benchi la nje, siruhusiwi kuingia. Mlango wa wodi ukifunguliwa nilifumba macho, maana niliogopa sura ya atakayetoka. Siku ya tatu alitoka mama yake Kibonge, akakaa kando yangu. Nilisubiri anitukane.

“Ameomba ndizi,” alisema. “Amelia kwa sababu muuguzi amempa nusu.”

Nililia pale mpaka yeye ndiye akawa ananibembeleza. Wote kumi na mmoja walipona. Daktari alisema wengi waliwahi kufika kabla ya kuishiwa maji mwilini, na wangengoja asubuhi asingesema hivyo.

Wiki iliyofuata mama alichapa barua tatu. Ya kwanza ilikuwa onyo kwa karani mkuu, kwa kugonga mhuri bila kusoma. Ya pili ilikuwa onyo lake mwenyewe, kwa kuacha karatasi mbovu mahali pa karatasi nzuri, naye aliichapa bila kukosea herufi hata moja, machozi yakimdondoka. Ya tatu ilikwenda wizarani. Ndani yake Mama Mkuu alijishtaki mwenyewe, akaeleza kosa tangu mwanzo hadi mwisho, na akataja utaratibu mpya: karatasi mbovu itapigwa mstari mwekundu toka kona hadi kona papo hapo, na hakuna mhuri utakaogongwa kabla tangazo halijasomwa kwa sauti. Tulingoja jibu kwa hofu kwa siku nyingi. Wizara ilijibu kwa mistari miwili tu, kwamba imepokea na kazi iendelee. Karani mkuu alikuwa wa kwanza kuisoma barua hiyo. Akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama utaratibu mpya ulivyotaka, na hakuguna.

Siku hiyo Mama Mkuu aliniita. Nilisimama mbele ya meza yake, mgongo wangu umepinda kwa aibu. Mezani kulikuwa na tangazo moja bovu, lenye mhuri na mabaki ya gundi.

“Bado unaogopa?” aliuliza.

“Ndiyo, mama.”

“Mimi pia niliogopa siku ile. Niliogopa wizara, niliogopa yule bwana wa kisimani, niliogopa hilo pengo la mlangoni. Woga si kosa, mwanangu, kila mwenye akili anao. Kosa lako la kwanza lilikuwa la mikono, na mikono ya kila mtu hukosea, yangu pia. La pili lilikuwa la ulimi, pale ulipomwambia mama yako kabatini. Lile la kwanza lingekwisha palepale, tungemkimbiza tarishi kabla hajafika bondeni. La pili ndilo lililomwacha afike na kubandika. Kosa ukilisema linakuwa kazi, watu wanaweza kulifanyia kazi. Ukilificha linakuwa ugonjwa. Umenielewa?”

“Nimekuelewa, mama.”

“Na asante kwa kuupiga mlango wangu. Hakuna aliyewahi kuupiga kwa nguvu vile.” Akachukua kalamu nyekundu akanipa. “Haya, maliza kazi yako.”

Nilipiga mstari kwenye lile tangazo, toka kona hadi kona. Mstari ukatoka umepinda. Niliutazama, vidole vikaniwasha kuurekebisha, nikajizuia. Nikampelekea mama chumbani kwake, nikamwonyesha, nikamwambia kwa mdomo wangu mwenyewe, “Mama, hii ni mbovu.” Mama aliipokea akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile, kisha akailaza juu ya bunda, ikiwa imekingama.